Kipande cha Kwanza cha Papai

Vijana wangu, mlioniamkia kwa assalamu alaikum nimewaitikia, na mlioniamkia vingine nimewaombea amani ileile. Nimeisikia hoja yenu. Mmekaa kwenye mkeka wangu hapa Koboko tangu alasiri mkibishana juu ya video ya simu. Zamzam, mjukuu wangu, anasema tunda likiliwa baada ya ugali linaozea tumboni. Sadiki wa jirani anasema huo ni uongo wa watu wanaotafuta watazamaji, tunda ni tunda hata ulile ukiwa umelala. Mwishowe mkanigeukia, mkaniita bibi kwa lugha ya kwetu: "Haboba, wewe ulipikia Wahindi maisha yako yote. Wao wanasema tunda liliwe saa ngapi?"

Nitajibu, ila nitajibu kama mpishi. Nitaanzia jikoni, nitapitia sokoni, nitasahau jambo na kulirudia. Mwenye haraka amimine chai, iko kwenye chupa.

Nyumba niliyoifanyia kazi mpaka nguvu zikaniisha ilikuwa mjini Arua. Mwenye nyumba alikuwa Bwana Jayesh, muuza vitambaa, na aliishi na wazazi wake wawili. Mama yake tulimwita Ba, maana ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama. Baba yake tulimwita Bapu. Walikuwa watu wadogo wa umbo, Ba hasa. Akisimama mlangoni mwa jikoni ungedhani ni mtoto amekuja kuomba sukari, mpaka afungue mdomo.

Jioni ya kwanza nilitaka wajue wameajiri mpishi hasa. Nilikuwa nimejifunza kazi kwenye nyumba moja ya wageni, ambako chakula cha jioni hakikuisha bila saladi ya matunda. Basi nikakata ndizi, nanasi na machungwa, nikamimina juu maziwa mazito ya kastadi, nikayatia kwenye friji mpaka bakuli likatoka jasho. Walipomaliza wali nikaliweka mezani kwa mikono miwili.

Ba akaliangalia kama vile nimemwekea sabuni.

"Hawa, hii nini?"

"Saladi ya matunda, Ba."

"Maziwa na chungwa pamoja? Baridi? Tena usiku, juu ya wali?" Akamgeukia mumewe. "Huyu mama iko na hasira na sisi, na hata mshahara yake bado."

Bapu hakujibu kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa. Ba alipokwenda kunawa mikono, mzee akanisogezea bakuli lake tupu bila kutoa sauti na kuninyoshea kijiko. Nikamwongezea. Tangu siku hiyo mimi na Bapu tulikuwa marafiki.

Asubuhi yake Ba akaja jikoni na kigoda chake, akaketi mbele ya jiko la mkaa, na somo likaanza. Alichonifundisha kinaitwa Ayurveda, elimu ya zamani sana ya Wahindi ya kutunza mwili. Yeye alifundishwa na bibi yake kwa mdomo, kama mimi nilivyofundishwa Fatiha na baba.

"Tumbo iko jiko," akasema. "Asubuhi moto iko ndogo. Wewe mpishi, moto ikiwa ndogo unaweka nini? Gogo?"

"Hapana, Ba. Vijiti."

"Sasa tunda ni vijiti. Asubuhi, tumbo tupu, tunda peke yake. Moto inaamka. Mchana jua iko juu, moto pia iko juu, hapo leta gogo: wali, dengu, chapati. Jioni jua inashuka, moto inashuka. Jua ikilala, tunda hapana."

"Na nikila tunda juu ya wali?"

"Tunda iko na haraka, wali hana haraka. Tunda inasimama nyuma ya wali, inangoja, inakasirika, inachacha. Usiku mzima unasikia wanagombana ndani."

Hicho ndicho chanzo cha ile video yenu, Zamzam. Yalikuwepo mengine. Tunda liive juani, lisitoke kwenye baridi ya friji. Machungwa na nanasi yasikutane na maziwa kabisa, ila embe lililoiva sana na kuwa tamu tupu linaruhusiwa. Tikiti liliwe pekee, maana, kama alivyosema Ba, halina rafiki. Baada ya tunda, ungoje kidogo kabla ya chai na chapati. Na papai ulinyunyizie pilipili manga kidogo. Hilo jaribuni, mtanishukuru.

Na mimi si mwalimu wa Ayurveda, wala si daktari. Niliwahi kumwuliza daktari aliyekuwa akija kumpima Ba, akacheka, akasema yeye angefurahi watu wale matunda saa yoyote, mradi wayale. Sikuwagombanisha. Ba alikuwa na moto wake wa tumbo, daktari alikuwa na mizani yake, na wote wawili niliwapikia chai.

Sasa sokoni. Kanuni ya kula tunda tupu ina ugumu mmoja: tunda baya halina pa kujificha. Kwenye saladi ndizi iliyopooza inafunikwa na kastadi. Kwenye sahani ya Ba, papai lilisimama peke yake kama mshitakiwa. Aliyenifundisha kuchagua ni Mama Letaru, Mlugbara aliyekuwa na meza yake ya matunda katika soko la Arua. Siku ya kwanza nilianza kubonyeza papai kwa kidole gumba, akanipiga mkono.

"Wacha! Papai si mlango, unabisha hodi ya nini? Unabonyeza, unaenda zako, kesho mutu mwingine anakuta shimo ya kidole yako."

"Sasa nitajuaje limeiva?"

"Mungu alikupa pua ya kubeba miwani tu?"

Basi nikajifunza kwa pua. Papai linuse kwenye kikonyo, nanasi linuse chini, upande lilikokalia. Likinuka utamu, ni la leo. Likinuka majani, ni la keshokutwa. Likinuka pombe, mwachie mwenye meza. Papai lenye njano mgongoni na kijani kidogo shingoni ndilo la kukata kesho asubuhi. Ndizi ndogo zenye madoadoa msizidharau, ndizo tamu. Mama Letaru alinipa kila mara kipande cha kuonja, na nilikuwa mteja wake mwaminifu mpaka nilipostaafu.

Nimeruka jambo. Lazima mjue Ba alikuwa nani, la sivyo hamtaelewa kilichokuwa hatarini.

Ba aliletwa Arua akiwa bibi harusi. Kisha ukaja ule wakati Wahindi walipofukuzwa nchini, akafunga sanduku, akaondoka akiwa na mtoto mgongoni. Aliishi kwingi. Miaka mingi baadaye, mlango ulipofunguliwa tena, Bapu akasema hataki kufia ugenini, anataka Arua, wakarudi. Nami ni mtoto wa askari. Serikali ya wakati ule ilipoanguka tulikimbia kutoka Koboko kwa miguu mpaka Kongo, mama yangu amebeba sufuria kichwani na mimi nimebeba mwiko kana kwamba ni kitu cha maana. Kwa hiyo mimi na Ba tulipokaa kuchambua dengu hatukuhitaji kuelezana maneno mengi. Aliniambia mara moja tu: "Hawa, mimi nimefunga sanduku ya kutosha."

Bapu alifariki kwa amani, Mungu awafariji wake. Moto wake wa mwisho, maana wao huchoma maiti, uliwashwa hapohapo Arua. Na tangu wiki ile sahani ya Ba ilianza kurudi jikoni kama ilivyokwenda.

Nilijaribu kila kitu. Papai la Mama Letaru la kunukia nyumba nzima. Tofaa la kupikwa na mdalasini. Embe. Saa yenyewe sikuikosea, jua likichomoza sahani iko mezani, tunda peke yake, si baridi. Ba alikata mwenyewe, maana kukata matunda ya asubuhi hakumwachia mtu, kisha akaweka kisu chini na kuangalia dirishani. Na asipokula tunda hakula wali, kwa kuwa moto haujawashwa. Akapungua mpaka bangili zikawa zinamwanguka mkononi.

Bwana Jayesh akaniita barazani. "Hawa, daktari anasema mama amepungua sana. Dada yangu iko Uingereza, anamtaka. Mimi niko dukani kutwa, siwezi kumlinda. Kama mpaka Idi yenu bado hali, nitampeleka."

"Yeye hataki kwenda, Bwana."

"Najua hataki!" Akafuta uso kwa kiganja. "Unafikiri mimi nataka? Lakini siwezi kukaa naangalia anaisha."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto mwenye hofu, hata kama nywele zake zilikuwa nyeupe. Ba naye alikuwa amesikia. Nilipoingia akaniambia, "Kule kwa binti yangu dirisha haifunguki, Hawa. Joto inatoka kwa ukuta."

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama karibu na meza na birika la chai mkononi. Ba alikata papai, akachoma kipande cha kwanza kwa uma, akanyosha mkono kuelekea kiti cha Bapu. Kilikuwa kitupu. Mkono ukabaki hewani. Labda alikuwa akifanya hivyo kila siku nikiwa jikoni, sijui. Mimi sikujua mtu anaufanyia nini mkono wa mwenzake uliobaki hewani. Niliweka birika chini, nikakichukua kile kipande, nikakila.

Halafu adabu ya kwetu ikanisukuma. Huwezi kula mbele ya mtu naye anakutazama. Nikakata kipande cha pili, nikampa.

Akakila.

Tukatazamana. Ba akaanza kucheka huku anatoa machozi, akaniambia desturi yao. Tangu aolewe, kila asubuhi kipande cha kwanza alimpa mumewe, na mumewe alimrudishia cha pili kwa mkono wake. Hakuwahi kujilisha tunda mwenyewe, hata siku moja. Mimi nilikuwa nikihangaika na tunda na saa, kumbe kilichokosekana ni mkono wa kumpa.

Basi hiyo ikawa kazi yangu, kabla ya kufagia na kabla ya chai: kula kipande na kutoa kipande. Ba akaanza kula tunda, kisha wali kidogo, kisha wali. Andama, askari wetu wa getini, Mkatoliki wa Ombaci mwenye utani kuliko usingizi, alituona kupitia dirishani akapiga ishara ya msalaba.

"Hawa anagawa matunda tena! Mara ya kwanza ulitufukuzisha bustanini, mama. Haikutosha?"

"Andama, kwetu Kurani haimtwiki mwanamke mzigo ule peke yake. Wote wawili walikula, na wote wawili waliomba msamaha, wakasamehewa."

"Ah! Sasa kama ilisamehewa, nipe mimi pia kipande."

Tulikuwa na furaha. Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Mnaona lilipo tatizo. Nilikuwa nimefunga. Asubuhi ya kwanza Ba akanyosha uma, akanikumbuka, akaurudisha polepole. "Saumu," akasema. Hakuniomba nile. Alikuwa na siku zake za kufunga pia, alijua saumu ni nini. Nami sikuwaza kuiacha. Lakini vile vipande vilibaki mezani mpaka nzi wakaja, na mchana wali ukarudi. Na Idi ndiyo ilikuwa siku ya Bwana Jayesh.

Siku iliyofuata nikamwita Andama, nikampigisha mswaki, nikamketisha, nikamweleza: unapewa kimoja, unarudisha kimoja. Ba akampa. Andama akala, akafumba macho kwa utamu, akavuta sahani mbele yake, na kabla sijasema kitu papai lote lilikuwa limekwisha.

"Andama! Nilisema urudishe!"

"Mama, nimekaa getini usiku mzima. Mukono ilienda yenyewe."

Ba alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini hakula. Tulijaribu tena, na Andama safari hiyo alirudisha kipande kwa adabu zote, ameshika kama anatoa sadaka kanisani. Ba akakipokea, akashukuru, akakiweka chini. Huwezi kumlazimisha mtu aukubali mkono wowote.

Mimi nikarudi kwenye mkeka wangu. Sikuwa na hila iliyobaki. Katika sijda nilisema tu, Ya Rabi, nimekupa asubuhi zangu, sizitaki zirudi, lakini huyu mama naye ni kiumbe chako na hana pa kwenda tena. Nikaenda sokoni, nikanunua papai kwa pua tu. Mama Letaru akanyosha kipande cha kuonja kwa mazoea, akakirudisha haraka. "Ai, samahani, umefunga. Pua yako sasa inatosha, imekua."

Jioni ile nilikuwa jikoni, tende tatu na glasi ya maji mbele yangu, nangoja adhana. Nikasikia kandambili. Ba anaingia, ameshika sahani kwa mikono miwili. Papai limekatwa, pilipili manga juu.

"Ba, jua linazama," nikamwambia. "Saa ya matunda imepita tangu asubuhi. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Akavuta kile kigoda chake cha siku ya kwanza, akaketi. "Leo umekula nini?"

"Sijala."

"Tumbo yako iko vipi?"

"Tupu."

"Mimi pia sijaweza kula. Basi kwa sisi wawili bado iko asubuhi." Akachoma kipande, akaninyoshea. "Jua haiko ndani ya tumbo, Hawa. Nilikwambia jiko. Mpishi gani hajui jiko yake ni baridi?"

Adhana ikasikika. Nikasoma dua, nikala tende, nikanywa maji, kisha nikakipokea kipande chake. Sijawahi kuonja papai kama lile mpaka leo. Nikampa cha pili. Akala. Nikampa kingine, akala. Kisha nikamwambia nakwenda kuswali magharibi, chakula kitangoja.

"Vizuri sana," akasema. "Tunda kwanza, peke yake, halafu ngoja. Nani alifundisha nyinyi Ayurveda?"

"Mtume wetu alifuturu hivyo, Ba. Tende kwanza, halafu swala."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu aliyekuta shule nyingine inafundisha hesabu ileile.

Nilipotoka kwenye swala nilimkuta anapakua wali mwenyewe. Bwana Jayesh akarudi kutoka dukani, akasimama mlangoni na funguo mkononi.

"Mama! Papai? Saa hii? Miaka yote ulinipiga kofi kwa embe ya jioni!"

"Wewe ulikuwa umeshiba, mjinga wewe. Kaa."

Akakaa kwenye kiti cha jikoni, huyo tajiri wa vitambaa, akapewa kipande, akala. Akatutazama mimi na mama yake. Halafu akachukua uma na kumrudishia. Ba aliuangalia ule mkono kwa muda mrefu kidogo, maana ulikuwa umefanana na mkono mwingine. Akafungua mdomo.

Tangu siku hiyo Bwana Jayesh alifunga duka mapema mwezi mzima, na Andama naye akawa na sababu ya kupita jikoni kila magharibi, eti kuangalia kama dirisha limefungwa. Sikukuu ya Idi daktari alimpima Ba, akampima tena, akamwambia mwanawe amwache mama hapo alipo. Nilimsikia Bwana Jayesh akizungumza na dada yake kwenye simu barazani. Alisema, "Mama anabaki." Ndani, Ba alikuwa amevuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nikashtuka. Alikuwa anapanga ndani yake mablanketi ya wageni.

Basi, Sadiki na Zamzam, jibu lenu. Ayurveda ya Ba inasema tunda liliwe asubuhi, tumbo likiwa tupu, peke yake, na jua likishazama liachwe. Mimi nimelifuata na limenifaa, nashukuru. Ila mkiniuliza nilichokiona kwa macho yangu, nitawaambia muangalie kwanza kama anayekula ana wa kumpa kipande.

Sasa mimi niko hapa Koboko, miguu haipandi ngazi tena. Asubuhi Bwana Jayesh ndiye anayempa mama yake. Lakini Ijumaa anawahi mzigo dukani, kwa hiyo Ijumaa simu yangu inalia jua likichomoza.

"Hawa, umeshakula?"

"Bado, Ba. Na wewe?"

"Nangoja."

Basi naweka simu mezani, nakata papai, natia kipande mdomoni na kukitafuna karibu na simu, asikie. Kisha nanyosha kingine kuelekea simu, peke yangu jikoni. Ninyi mmenikuta hivyo zaidi ya mara moja mkadhani bibi amechanganyikiwa. Ngojeni kidogo tu, mtasikia upande wa pili Ba naye anatafuna.